Barabara ya maduka mtaani kwetu inazimika mlango mmoja mmoja. Tuanzie wapi?

FundiFunguo

Wadau, habari za kazi.

Mimi ni fundi wa funguo na makufuli. Nina miaka 19 kwenye barabara moja ya maduka katika mtaa mkongwe: nyumba za ghorofa moja au mbili, duka chini, watu juu, vibaraza mbele. Kazi hii inakuonyesha mambo kabla wengine hawajayaona. Mpangaji akihama, mwenye nyumba ananiita nibadilishe kitasa. Mpangaji mpya akiingia, naye ananiita, maana hakuna anayepata usingizi akijua funguo za aliyemtangulia bado zinazunguka mjini. Kwa hiyo kila fremu inayobadili mikono hunipa kazi mara mbili, na zote naziandika kwenye daftari: tarehe, mlango, aina ya kitasa, idadi ya funguo.

Miaka ya karibuni mwito wa kwanza unakuja, wa pili hauji.

Wiki iliyopita nilikaa na daftari nikahesabu. Kutoka njia panda ya juu hadi kituo cha basi kuna milango 46. Iliyofungwa ni 17. Kuna mmoja niliuwekea kitasa kipya miaka sita iliyopita na hakijawahi kuzungushwa ufunguo tangu siku ile. Juzi nilipita nikakigusa, kimeshika kutu.

Jirani yangu ni fundi cherehani, mtu hodari kweli wa kazi yake. Aliniambia wateja wake wa jioni wamekatika. Kazi haijaharibika. Shida ni kwamba kati yake na kituo cha basi kuna milango sita mfululizo imefungwa, taa hakuna, na akina mama hawataki kupita pale giza likishaingia. Ina maana anaumia kwa milango ambayo si yake na hajui hata wenyewe ni nani.

Sasa halmashauri imetuambia lipo fungu dogo la kuboresha barabara, wenye maduka tupeleke pendekezo. Lililo mezani ni hili: kutandaza vigae vipya barabara nzima, kujenga lango kubwa lenye jina la mtaa pale juu, na kuzuia magari moja kwa moja. Mchoro umechorwa, umependeza, watu wameupokea kwa makofi. Mimi moyo unasita lakini sina hoja, nina wasiwasi tu. Kwenye kikao nilinyamaza.

Wanaojua mambo haya, nisaidieni. Hela ni kidogo na haitarudi mara ya pili. Ingekuwa barabara yenu, mngeanzia wapi?

MtembeaMitaa

Fundi, pole, na hongera kwa daftari hilo. Wapo wanaolipa wataalamu ili wapate nusu ya ulichonacho.

Nilikuwa msimamizi wa barabara ya maduka kama ya kwako kwa miaka minne. Nilichojifunza mapema, na ningeomba ukakiseme kwenye kikao kijacho, ni kwamba hiyo milango 46 ni duka moja. Mteja hafikirii fundi cherehani peke yake. Anafikiria "kule", kama kunapitika, kama nitapata na vifungo na uzi na mahali pa kukaa dakika tano. Jumba la maduka la nje ya mji linalijua hilo, ndiyo maana lina mtu anayelipwa kuangalia nani akae karibu na nani, taa ziwake saa ngapi, takataka ziondoke lini. Barabara yenu ina wenye maduka 29 wanaofanya kazi na hakuna hata mmoja ambaye kazi yake ni barabara.

Wamarekani waliliona hili zamani. Mwaka 1977 shirika lao la kuhifadhi majengo ya kale, National Trust for Historic Preservation, lilianza majaribio kwenye miji midogo mitatu: Galesburg, Madison na Hot Springs. Maduka ya katikati ya miji hiyo yalikuwa yanakufa, wateja wamehamia pembeni. Kila mji ulipewa msimamizi mmoja ambaye kazi yake ilikuwa barabara ile tu. Kutokana na majaribio hayo ulizaliwa mpango wa Main Street mwaka 1980, wenye nguzo nne zinazokwenda pamoja: kujipanga, kujitangaza, sura ya majengo, na uchumi wenyewe wa biashara. Boston ikauingiza kwenye mitaa ya ndani ya jiji mwaka 1995. Ukiangalia pendekezo lenu, lina nguzo moja tu, ya sura, na hata hiyo ni sura ya sakafu.

Kabla ya vigae, hesabuni watu. Simama mahali pamoja, dakika 15, asubuhi, mchana na jioni, siku ya kazi na siku ya mapumziko. Weka safu tatu kwenye daftari: wanaopita, wanaosimama, wanaoingia dukani. Tofauti ya safu ya kwanza na ya tatu ndiyo ugonjwa wenu. Kama wanaopita ni wengi ila hawaingii, tatizo liko kwenye maduka na vioo vyake. Kama hawapiti kabisa, vigae havitawaleta. Halafu waulizeni wanaotoka dukani maswali mawili tu: umefikaje hapa, na ulitaka nini ukakikosa. Kwetu, wenye maduka waliapa kwamba wateja wao wengi huja na gari. Tulipouliza milangoni, wengi walikuwa wametembea kutoka nyumba za nyuma au wameshuka basi. Baadaye nikasoma kwamba huko Bristol, Uingereza, mwaka 2006 wenye maduka nao walikadiria wateja wa magari karibu mara mbili ya walivyokuwa.

Kisha hiyo milango sita yenye giza. Ningeanza hapo, hata kabla ya kuajiri mtu.

Na sisi tulikuwa na pengo kama hilo, milango minne. Tuliwatafuta wenyewe, wawili wakakubali tuinue milango ya chuma ya nje na tusafishe vioo. Kioo cha kwanza kilituchukua siku nzima. Kulikuwa na mabango juu ya mabango, ya uchaguzi, ya matamasha, ya waganga, yamegandana unene wa kidole. Tuliyalowesha kwa maji ya moto na sabuni tukawa tunayakwangua kwa wembe wa kubandulia rangi. Chini kabisa, kwenye kioo chenyewe, yakatokea maandishi ya dhahabu yaliyopakwa kwa mkono: lilikuwa duka la mpiga picha. Mzee mmoja alikuwa anapita na mkoba wake, akasimama, akasoma herufi moja moja, akatuambia picha yake ya harusi ilipigwa ndani ya chumba kile, na kwamba nyuma kulikuwa na pazia la bustani na kiti cha mguu mmoja mbovu. Alisimama nasi zaidi ya nusu saa. Kabla ya jua kuzama watu wengine saba walikuwa wamesimama. Wawili waliuliza nyumba ni ya nani.

Tukaweka taa ndogo ndani ya kila kioo, yenye kifaa cha kuiwasha jioni na kuizima usiku wa manane, na nyuma ya kioo tukapanga viti alivyotengeneza seremala wa mwisho wa barabara, na karatasi yenye namba ya nyumba yake. Mwezi wa kwanza hakuna kilichobadilika, sitakudanganya. Mwezi wa tatu mwenye duka la dawa aliyekuwa akifunga saa kumi na mbili alianza kufunga saa mbili. Huyo mmoja alitusaidia kuliko lango lolote, kwa sababu duka moja lililo wazi usiku linampa mtu wa pili moyo wa kubaki wazi.

MchoraRamani

Naongezea kuhusu kuzuia magari, maana hapo watu huchanganya sana.

Kalamazoo, jimbo la Michigan, ilizuia magari kwenye barabara yake ya maduka mwaka 1959, ya kwanza ya namna hiyo Marekani. Msanifu wake alikuwa Victor Gruen, aliyebuni pia jumba la kwanza la maduka lililofungwa kote, Southdale, mwaka 1956. Miji mingi ikaiga. Mwaka 1998 sehemu ya barabara ile ya Kalamazoo ikarudishiwa magari. Chicago ilizuia magari ya watu binafsi kwenye barabara yake ya State Street mwaka 1979 ikabakiza mabasi, na mwaka 1996 ikayarudisha. Sasa tazama Copenhagen, Denmark: barabara yake ya maduka, Strøget, ilizuiwa magari mwaka 1962, kwa majaribio, wenye maduka wakilalamika kwamba watafilisika, na mpaka leo watu wanatembea pale kwa maelfu.

Tofauti iko kwenye kilichozunguka barabara, kwa sababu vigae wote walitandaza. Strøget ni nyembamba, watu wanakaa na kufanya kazi dakika chache kutoka pale, na njia za kuingilia ni nyingi. Barabara nyingi za Marekani zilikuwa pana, watu wameshahamia vitongojini, ofisi zikifungwa jioni hakuna anayebaki. Ukiondoa magari mahali ambapo watu ni wachache, umeondoa hata yale macho machache yaliyokuwa yanapita. Barabara pana yenye watu kumi inatisha. Nyembamba yenye watu kumi ina uhai.

Kwa hiyo Fundi, maswali ya kuuliza: upana wake ukoje? Ghorofa za juu zina watu au zimekuwa stoo? Kama vyumba vya juu vimejaa masanduku, hapo ndipo wateja wenu wa jioni walipopotelea, na kuvirudishia wakazi kutawasaidia kuliko kuzuia gari lolote. Mtu anayelala juu ya duka ni mteja na ni mlinzi.

Na kama bado mnataka kuzuia, zuieni Jumamosi moja. Azimeni viti, wekeni miche kwenye ndoo, chorea njia kwa chokaa. Huko Oak Cliff, Dallas, mwaka 2010 wakazi walifanya hivyo kwenye kipande kimoja tu cha barabara: walichora njia ya baiskeli, wakapanga viti na miti ya kuazima, na wakabandika ukutani kila kanuni ya jiji waliyokuwa wanaivunja ili viongozi wazione. Jumamosi moja itakuambia mengi kuliko mchoro, na mkikosea mnafagia tu.

Kuhusu maegesho, saa mbili asubuhi kabla wateja hawajafika, andika namba za magari yaliyoegeshwa mbele ya maduka, kisha rudi saa tisa uone yapi bado yapo. Nimefanya hivi barabara nne tofauti. Kila mara magari yaliyokaa kutwa yalikuwa ya wenye maduka wenyewe na wafanyakazi wao. Old Pasadena, California, walipoweka mita za maegesho mwaka 1993 wenye maduka walipinga, mpaka walipoahidiwa kwamba mapato yatabaki palepale kwenye njia za miguu, taa na usafi wa eneo lao. Yakabaki kweli, na mahali palipokuwa pameoza pakaanza kuvutia watu.

FundiFunguo

Nimesoma yote mara mbili. Asanteni sana.

Barabara yetu ni nyembamba, magari mawili yakipishana kioo kinagusa kioo. Ghorofa za juu, MchoraRamani umenigusa. Nyingi ni stoo. Nazijua kwa sababu makufuli yake ni ya kuning'inia, hakuna anayeweka kufuli la kuning'inia kwenye mlango anaolala nyuma yake.

MtembeaMitaa, swali moja: huyo msimamizi atalipwa na nani fungu likiisha? Sisi hapa tukichangisha hata ya ufagio, watu kumi wanatoa na 19 wanasema kesho.

MtembeaMitaa

Hao 19 wa kesho wako kila mahali. Mtaa wa Bloor West Village, Toronto, Kanada, wenye maduka walichoka kuchangisha kwa hiari namna hiyo, na wateja walikuwa wanachukuliwa na majumba ya maduka. Wakaiomba serikali iweke sheria: wengi wa eneo wakikubali, kila mwenye biashara alipe mchango wa lazima, halmashauri ikusanye pamoja na kodi nyingine, kisha iurudishe wote kwa kamati ya eneo lenyewe. Wakaanza mwaka 1970, na tangu hapo mtindo huo umeenea nchi nyingi. Nguvu yake ni kwamba hakuna anayekula jasho la mwenzake. Jirani asiyechangia hapati taa ya bure.

Lakini usiupeleke kwenye kikao chako cha kwanza. Watu hawakubali mchango wa lazima kwa kitu ambacho hawajakiona. Tumieni sehemu ya fungu kumlipa mtu wa nusu siku kwa mwaka mmoja, mtu anayetembea, asiyekaa ofisini. Wakimkosa wiki moja akiwa mgonjwa na wakaona tofauti, hapo ndipo mtazungumza mchango.

BiPango

Naomba niseme upande ambao haupendwi. Mimi ni mwenye nyumba, na mlango wangu ulifungwa miaka mitano. Watu walikuwa wakipita wakisema tuna roho mbaya, tunasubiri bei. Ngojeni niwaeleze kilichokuwa ndani ya mlango ule.

Nyumba ni ya marehemu baba. Tuko ndugu sita. Wawili wanataka kuuza, mmoja yuko mbali hajibu simu, wengine tunataka ibaki. Kupangisha kwa mkataba wa miaka ni lazima wote tusaini. Paa linavuja upande wa nyuma na gharama ya kuliziba ni kubwa kuliko kodi ya pango ya mwaka. Na tuliwahi kupata mpangaji aliyekaa miezi 14 bila kulipa, kumtoa ikawa kesi. Ukijumlisha yote hayo, mlango uliofungwa unaonekana ndio wenye nafuu. Hasara yake haionekani kwenye karatasi yoyote, inaonekana kwa jirani. Hilo la fundi cherehani sikuwahi kulifikiria mpaka niliposoma hapa, na limeniuma.

Kilichonifungulia mlango ni ruhusa ya mwezi kwa mwezi badala ya mkataba wa pango. Niliipata kwa habari za Newcastle ya Australia, mji ambao kiwanda chake kikubwa cha chuma kilifungwa mwaka 1999 na barabara yake kuu ikajaa milango iliyofungwa. Mwaka 2008 Marcus Westbury, mzaliwa wa mji huo, akaanzisha mradi wa Renew Newcastle. Hawakununua nyumba hata moja. Waliwaomba wenye nyumba wawaazime milango iliyokaa bure, kwa ruhusa ya siku 30 zinazojirudia, mwenye nyumba akipata mpangaji wa kweli anairudisha. Ndani wakaweka wachoraji, washonaji, watengeneza vito, watu wenye kazi nzuri na mtaji mdogo. Wengine walifunga, wengine wakakua wakawa wapangaji kamili.

Kwangu aliingia binti anayetengeneza mikoba ya ngozi. Ndugu zangu walikubali kwa sababu hakuna walichofungwa nacho: siku 30, basi. Hakulipa kodi ya pango miezi minne ya mwanzo, alilipia umeme na alipaka kuta. Yeye ndiye aliyegundua kwamba paa halivuji, ni mfereji wa jirani uliojaa majani ya miaka yote hiyo, maji yanarudi upande wetu. Miaka mitano tumeogopa paa zima, kumbe ni kazi ya ngazi na glovu. Hakuna ambaye angeligundua bila mtu kukaa ndani mvua ikinyesha.

Kwa hiyo mkituita wenye nyumba, msituite kutulaumu. Tuulizeni mmoja mmoja kinachoshika mlango. Kila mlango una chake.

MpangajiAliyehama

Mimi nitakuwa mfupi kwa sababu bado naona uchungu.

Barabara yetu ilifufuka. Tulifagia, tulipaka rangi, tuliweka taa, tulikesha kupanga siku za soko. Nilikuwa na duka la kukarabati redio na vyombo vya umeme, na nilikuwa katibu wa kamati. Mwaka wa tatu watu walijaa mpaka tukawa tunapigwa picha. Mwaka wa nne mkataba wangu ukaisha, mwenye nyumba akataka kodi ambayo redio haziwezi kuilipa. Nilihama. Wenzangu saba wa mwanzo walihama. Kazi tuliyoifanya kwa mikono yetu ikatutoa.

Simlaumu BiPango na wenye nyumba wote. Ninalosema ni kwamba siku ya kukubaliana kuhusu kodi ni siku ambayo barabara bado imelala, wakati mwenye nyumba anamhitaji mpangaji. Barabara ikishaamka huna cha kumwambia. Kama hela ya umma inatengeneza kibaraza cha mtu au inasafisha kioo chake, mwenye nyumba huyo asaini kwamba kwa miaka kadhaa kodi ya aliyemo ndani haitapanda zaidi ya kiasi fulani, kiandikwe kiasi chenyewe. Atakayekataa, kibaraza chake kisubiri. Na kama mnaweza kwa njia yoyote, chama cha wenye maduka kinunue hata nyumba moja, hata ile mbovu kuliko zote. Nyumba moja mnayoimiliki wenyewe inabaki na fundi ndani yake bei zikipanda kote.

Biashara za ukarabati ndizo za kwanza kutoka, Fundi. Nakuambia kwa sababu funguo na redio ni ndugu.

FundiFunguo

Ndugu yangu MpangajiAliyehama, nimekusoma nikatoka nje kidogo. Pole sana. Hilo la kusaini mapema nimeliandika ukurasa wa kwanza wa daftari.

Leteni niwape mrejesho. Nilihesabu Ijumaa na Jumamosi kama MtembeaMitaa alivyosema, nimesimama mlangoni kwa fundi cherehani. Jioni ya Ijumaa, dakika 15: waliopita 64, waliosimama 9, walioingia duka lolote ninaloliona 5. Lakini kuna kitu sikukitarajia. Wanaoshuka basi wengi hawapandi barabara yetu kabisa. Wanapinda kwenye kichochoro cha pembeni na kuzunguka nyuma, njia ndefu zaidi, kwa sababu kule kuna taa moja ya msikitini. Niliwahesabu nao: 112. Hao ni watu wanaoishi humu humu mtaani, wanatuzunguka kila jioni ya Mungu.

Nimepeleka hoja kwenye kamati. Lango limeahirishwa. Kuzuia magari kutajaribiwa Jumamosi moja. Kwanza ni ile milango sita: taa, vioo, na kuwatafuta wenyewe. Minne kati ya hiyo nina majina ya wenyewe, maana vitasa niliviweka mimi, na leo jioni nimempigia wa kwanza. Amesema hajui hata kama kuna vioo nyuma ya chuma. Nimemwambia vipo, vitatu, na cha kati kina ufa chini kushoto.

BiPango, nakuomba kitu. Ile karatasi yenu ya ruhusa ya mwezi, unaweza kutuambia iliandikwaje? Huyu mzee niliyempigia ameuliza hilo hilo: nikimruhusu mtu, nitamtoaje?

BiPango

Ni ukurasa mmoja, tuliuandika mezani kwangu kisha mwanasheria akaurekebisha maneno. Na nyie mpeni mwanasheria wenu ausome, sheria za pango hazifanani kila mahali.

Inasema hii ni ruhusa ya kutumia, haihesabiki kuwa upangaji. Inakwisha baada ya siku 30 na inaendelea kwa siku 30 nyingine kama hakuna aliyeandika barua. Yeyote kati yetu anaweza kuikatisha kwa barua ya siku 30, bila kutoa sababu. Umeme na maji ni vyake. Asitoboe ukuta wa nyuma. Hali ya chumba siku ya kuingia imepigwa picha 12, zimesainiwa kwa nyuma na sote wawili. Nikipata mpangaji wa kudumu, yeye aulizwe kwanza kama anaweza kulipa kiasi hicho, ana siku saba za kujibu. Hicho kipengele kiliongezwa na binti mwenyewe, na ndicho kilichomfanya apake kuta kwa moyo.

Cha mwisho kitakuhusu wewe, Fundi. Funguo ni mbili, wake na wangu, na wa tatu usichongwe bila sote wawili kuwa pale kwenye kibanda cha fundi.